Kuanza Dansi Ukiwa na Miaka 60: Kutoka Sebuleni hadi Ukumbini

Mtu aliyekulia Dar es Salaam, Morogoro, Tanga au Mombasa miaka ya 1960 na 1970 hahitaji kufundishwa muziki wa dansi. Amelelewa nao. Anajua solo linaingia wapi, anajua tarumbeta zitajibu nini baada ya kiitikio, na ukimwekea wimbo wa NUTA Jazz au wa Mlimani Park kichwa kinaanza kutikisika chenyewe. Kinachomgomea ni miguu. Miaka ya kukaa ofisini, kwenye cherehani, dukani au nyuma ya usukani imeifanya isahau kazi moja: kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu kwenda ule bila kuyumba.

Kazi hiyo ndiyo dansi yenyewe. Ndiyo pia inayomwokoa mtu mzima anapoteleza bafuni, au anaposhuka kwenye daladala na kondakta ameshagonga bodi. Kwa hiyo swali litakalorudi humu kila mara ni hilo: uzito wako uko mguu gani?

Faida iko wapi hasa

Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 yanamtaka mtu wa miaka 65 na kuendelea apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku 3 au zaidi ziwe na mazoezi ya nguvu na ya kuufanya mwili usimame imara. Kutembea kunajaza dakika hizo vizuri tu. Ila njia iliyonyooka haikulazimishi kwenda kando, kurudi nyuma, kusimama ghafla wala kugeuka. Dansi inakulazimisha.

Upande wa kichwa, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 uliwafuatilia wazee 469 wa eneo la Bronx, New York, waliokuwa na zaidi ya miaka 75. Katika shughuli za viungo zilizoangaliwa, ni dansi pekee iliyoonekana kuambatana na hatari ndogo ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Usiuchukue kama tiba, maana huenda wenye vichwa vizima ndio hao hao wanaoendelea kwenda kucheza. Utafiti wa Magdeburg, Ujerumani, uliotoka mwaka 2017, ulikuwa na watu wachache lakini unatufaa zaidi. Kundi moja la wazee lilifanya mazoezi ya kawaida ya kurudiarudia, jingine likafundishwa dansi yenye hatua zinazobadilika kila mara, kwa miezi 18. Sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu iliongezeka kwa makundi yote mawili, lakini uimara wa kusimama ulipanda kwa wacheza dansi tu.

Ninachokishika hapo ni kule kubadilisha hatua. Ukishaizoea hatua hadi unaicheza huku unawaza bei ya sukari, miguu inaendelea kufaidi lakini kichwa kimeshaenda likizo.

Kliniki kwanza

Kama una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, au uliwahi kuanguka ndani ya mwaka uliopita, mwambie daktari wako kwenye kliniki ya kawaida kwamba unataka kuanza kucheza. Mwambie hivyo hivyo, "kucheza dansi", usiseme "mazoezi kidogo" kwa aibu, maana anatakiwa kujua kwamba utageuka na utainuka haraka. Dawa nyingi za presha huleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla. Siku ambayo kipimo cha juu kimefika 180 au cha chini kimefika 110, usicheze, nenda ukaonwe.

Mwenye kisukari anayechoma insulini au anayekunywa vidonge vya kushusha sukari aweke kitu kitamu karibu, hata pipi au soda ya kawaida, na asicheze na njaa. Akimaliza avue viatu akague nyayo, kwa sababu mguu uliopoteza hisia hauwezi kukuambia kwamba umechubuka. Aliyewahi kuambiwa mifupa yake imepungua nguvu aachane na kuinama sana huku anazungusha mgongo, kwa hiyo kukata viuno hadi chini tuwaachie wajukuu. Na mwenye mtoto wa jicho acheze kwenye mwanga wa kutosha, si taa ya ukumbi inayowakawaka.

Kuna jambo ambalo akina mama wengi huacha mazoezi kwa sababu yake bila kulisema: mkojo kuchuruzika kidogo ukiruka au ukicheka. Rumba, mtindo wa dansi tutakaojifunza hapa, haina kuruka, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuichagua. Fanya pia zoezi la kukaza misuli ya chini kama anayezuia haja ndogo, kaza kwa sekunde chache, achia, rudia mara kadhaa kila siku. Lisipopungua, linatibika hospitalini.

Sasa jipime miguu. Chukua kiti kigumu, kiegemeze ukutani kisiteleze (vya plastiki vina tabia hiyo), kaa, kunja mikono kifuani. Kwa sekunde 30 simama wima kisha kaa, hesabu umesimama mara ngapi. Kwa kipimo kinachotumiwa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, mwanamke wa miaka 60 hadi 64 asiyefikisha 12, na mwanamume wa umri huo asiyefikisha 14, wako chini ya wastani na hatari yao ya kuanguka ni kubwa. Miaka 65 hadi 69 ni 11 kwa mwanamke na 12 kwa mwanamume. Miaka 70 hadi 74 ni 10 na 12. Ukiwa chini ya hapo bado utacheza, ila utakaa na kiti muda mrefu zaidi. Andika namba yako ukutani au kwenye kalenda. Utaihitaji baada ya miezi mitatu.

Viatu na sakafu

Kandambili hapana. Soksi juu ya vigae hapana kabisa. Raba za mazoezi zinafaa siku za mwanzo, lakini soli yake hung'ang'ania sakafu, nawe ukigeuka mguu unabaki pale pale na goti ndilo linalozunguka. Kiatu kizuri cha dansi kwa mtu mzima ni chepesi, kimefunga kisigino, kina soli nyembamba laini inayoteleza kidogo tu, na kisigino kifupi kipana. Viatu vya ngozi vya kwendea kanisani au ofisini mara nyingi vinatosha. Kuvinunua vipya si lazima.

Sakafu iwe kavu. Kunja mkeka na zulia, ncha zake ndizo zinazokwaza. Ondoa waya wa feni na stuli ya watoto. Nafasi ya hatua tatu kwa tatu inatosha kabisa.

Wiki mbili za kwanza: kaa

Ndiyo, kaa. Washa wimbo wa taratibu kwenye simu au redio, kaa sehemu ya mbele ya kiti, mgongo usiegemee. Kazi ya kwanza ni ya masikio. Usilifuate solo, litakupoteza. Tafuta besi au tumba, vile vinavyopiga chini kwa utulivu, na uhesabu moja hadi nne. Gonga mguu wa kushoto kwenye "moja", wa kulia kwenye "mbili", uendelee. Bega la upande huo lishuke kidogo pamoja na mguu. Ukishindwa kupata "moja" iko wapi, iimbe sauti ya besi mdomoni. Kinywa huwa kinakumbuka haraka kuliko miguu.

Dakika 10 zinatosha, siku moja ucheze, siku moja upumzike. Kuna watakaoona hili la kitoto. Kijana wa jimu atakuamkia "shikamoo" vizuri, kisha dakika tano baadaye anakurusharusha kama kuruta, na kesho yake hunyanyui mguu. Viungo vya miaka 60 vinapata nguvu vizuri tu, lakini kano na magoti huchelewa kuzoea kuliko pumzi. Pumzi itakudanganya kwamba uko tayari.

Hatua ya msingi

Hapa ndipo utakapokaa muda mrefu, na hakuna haraka. Geuza kiti, simama nyuma yake, shika mgongo wake kwa vidole tu. Nyayo ziwe chini ya nyonga, magoti yalegee kidogo, macho yatazame kitu kilicho mbele yako, mfano picha ukutani. Ukitazama miguu kichwa kinainama, na kichwa ni kizito. Mwili wote unaanza kukifuata.

Kabla ya muziki, simama tu, uzito wote uupeleke mguu wa kushoto. Utajuaje kwamba umefika? Jaribu kuunyanyua wa kulia. Ukinyanyuka bila mwili kuegemea popote, uzito umehama. Ukilazimika kujivuta, ulikuwa bado umeuacha katikati. Rudisha kulia, jaribu tena. Wengi hugundua hapo kwamba upande mmoja unakubali na mwingine unakataa. Upande unaokataa ndio wa kuanza nao kila siku.

Sasa hatua yenyewe:

1. Kwenye "moja", mguu wa kushoto uende kando, uzito uufuate.
2. Kwenye "mbili", wa kulia uje kuungana nao, uzito uingie kulia.
3. Kwenye "tatu", wa kushoto tena kando, uzito kushoto.
4. Kwenye "nne", wa kulia uje uguse tu sakafu kwa ncha ya kiatu. Huu ni mguu mtupu, usiukanyagie.

Kwa kuwa mguu wa kulia ni mtupu, uko huru kuanza safari ya kurudi: kulia, kushoto, kulia, gusa kwa kushoto. Basi. Rumba ya ukumbini kwa sehemu kubwa ni hiyo hiyo iliyovalishwa nguo tofauti. Anayepotea hapa karibu kila mara amepotea kwenye "nne": amekanyaga ule mguu mtupu, uzito umekaa miguu yote miwili, na sasa hajui uondoke upi. Ukipotea usiharakishe kuukimbilia muziki. Simama, tikisa mabega, subiri "moja" nyingine ipite, ingia.

Hatua iwe fupi, isizidi urefu wa unyayo wako. Hatua ndefu ni ya vijana na inafungua nyonga vibaya. Halafu watu huuliza kuhusu kiuno. Usikisukume. Goti la mguu usio na uzito likilegea, na la mguu wenye uzito likinyooka bila kukakamaa, nyonga inapanda na kushuka yenyewe. Wakongo wanaokaa kwenye rumba wimbo mzima bila kutoa jasho wanafanya hivyo: juu kumetulia, chini kunahama. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kikongo kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la nchi zote mbili za Kongo, na sidhani kulikuwa na kiuno kilichosukumwa kwa nguvu katika sababu zao.

Ukiweza wimbo mzima ukiwa umeshika kiti, achia mkono mmoja. Kisha acha vidole viwili. Kisha kiti kibaki pale karibu, ukijua kipo.

Wimbo wenyewe ni ratiba

Nyimbo za dansi za zamani zina zawadi ambayo walimu wengi wa mazoezi hawajaitumia. Wimbo mmoja unaweza kwenda dakika saba au nane, na umekatwa sehemu mbili: mashairi ya taratibu mwanzoni, kisha sebene, au chemko kama wanavyosema watu wa dansi, gitaa linapopamba moto. Nusu ya kwanza inakupasha mwili, nusu ya pili inapandisha mapigo ya moyo. Wimbo mmoja ni zoezi kamili, isipokuwa unakuacha juu, kwa hiyo baada yake weka mwingine wa polepole na uutembee tu sebuleni hadi pumzi itulie.

Kwenye sebene usilikimbize gitaa. Cheza nusu: hatua moja kwa kila midundo miwili, mabega yachukue ile haraka. Ukiwatazama wazee waliobobea ukumbini utaona ndivyo wanavyofanya, vijana wanahema pembeni. Kipimo cha kujua kama umezidisha ni mdomo. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko pazuri. Ukishindwa hata kusema "subiri kidogo", punguza.

Maumivu ya kifua, yanayokwenda mkononi au kwenye taya, jasho la baridi, moyo kwenda ovyo, au kuishiwa pumzi hata ukiwa umekaa, acha na upelekwe hospitali. Vivyo hivyo uso ukipinda upande mmoja au maneno yakianza kukwama. Goti linalouma kidogo kesho yake ni jambo la kawaida mwanzoni. Goti linalovimba linataka mapumziko na uchunguzi.

Kugeuka, na kucheza wawili

Usigeuke kwa kisigino kimoja kama pia. Mzunguko wa mtu mzima unakatwa vipande vinne, hatua nne ndogo, kila hatua robo, na mguu unanyanyuliwa sakafuni kabla ya mwili kuzunguka. Magoti yako yatakushukuru, na kwa anayetazama hakuna tofauti.

Mkicheza wawili, mkono wa kulia wa anayeongoza ukae mgongoni mwa mwenzake, chini ya bega, na mkono mwingine ushikane bila kubana. Msiegemeane. Kila mtu abebe uzito wake, ili mmoja akiteleza mwingine asiende naye. Anayerudi nyuma ndiye aliye hatarini, haoni anakokwenda, kwa hiyo kiongozi arudishe kwa hatua mbili tu kisha ahamie kando. Wenye ndoa ya miaka mingi watagombana kidogo hapa kuhusu nani ameharibu. Dawa yake ni kusema kwa sauti, "nageuka", "narudi", hadi mikono ijifunze kusema yenyewe.

Kumfuata mwenzako kunatumikisha kichwa sana, kwa sababu hujui kinachofuata na inabidi uamue ndani ya mdundo mmoja. Kwa hiyo badilishaneni. Anayeongoza leo afuate kesho, hata kama baba hapendi.

Kutoka nje

Mwezi wa tatu hivi tangu uanze, toka. Tafuta bonanza la Jumapili jioni, si onyesho la bendi linaloanza saa nne usiku. Kaa mbali na spika, jua choo kilipo kabla hujakihitaji, kunywa maji. Pombe na dawa za presha vikikutana kwenye joto la ukumbi, kizunguzungu hakiko mbali. Ukiinuka kwenye kiti simama kwanza kidogo ndipo uende kati.

Mahali rahisi zaidi pa kuanzia ni harusi au sendofu. MC akitangaza kwaito watu wanapanga mistari, wanacheza hatua zile zile na kugeuka robo kila zinapoisha. Huhitaji mwenzi na hakuna anayekuangalia wewe peke yako. Simama katikati ya mistari, si mbele wala pembeni, ili kila mnapogeuka uwe na mtu mbele yako wa kumwiga. Ukikosa mgeuko mmoja, baki ulipo na uhamishe uzito kushoto na kulia. Robo tatu zijazo watarudi kukukuta.

Wapo ambao ukumbi wa wanaume na wanawake haufai kwa imani yao au kwa mapenzi yao, na hilo halifungi mlango. Lelemama ya akina mama wa pwani, ya mstari na mwendo wa taratibu wa mikono na mabega, inafanya kazi ile ile ya kuhamisha uzito. Kwaya inayochezesha inafanya hivyo kila mazoezi. Hata taarabu: kuinuka, kwenda kutunza kwa mwendo wa wimbo na kurudi kwenye kiti bila kuukosa mdundo ni zoezi zuri kuliko linavyoonekana.

Aibu ya "mzee mzima anacheza" huisha haraka ukiwa na watu wa rika lako. Waliostaafu, na hasa waliofiwa na wenzi, mara nyingi hupata faida hapo kabla hata hatua haijakaa sawa, kwa kuwa kuna siku na saa ya watu kukusubiri. Watu wanne au watano wenye redio moja na kibaraza wanatosha kuwa kundi. Wekeni siku isiyobadilika. Asiyekuja apigiwe simu.

Ratiba ya kuendelea nayo

Siku tatu kwa wiki, nusu saa kila moja, zinakupa dakika 90. Zilizobaki zipate kwa kutembea sokoni, msikitini au kanisani. Kila baada ya wiki mbili au tatu ongeza kitu kimoja: hatua ya kwenda mbele, mgeuko, mkono, au mtindo ulioukuta kwa mwenzako. Kisizoeleke. Baada ya miezi mitatu rudi kwenye kile kiti, sekunde 30, ulinganishe na namba ya kwenye kalenda. Namba isipopanda kabisa, ongeza kusimama na kukaa mara kumi kabla ya kila wimbo wa kwanza.

Msiba, safari, malaria, mfungo: kutakuwa na wiki usizocheza. Zikipita mbili, usianzie ulipoachia. Siku ya kwanza kaa kwenye kiti wimbo mmoja, ya pili simama umeshika kiti, ya tatu acha sebene uitazame tu, na ukiona siku inayofuata viungo viko salama, ingia.